Tabaka la Thelathini na Moja

Saa moja na robo asubuhi Kamanda Chilongani wa uokoaji alikuja ofisini kwangu kunitaka nivunje sheria, na kwa kuwa ni mtu mstaarabu alianza kwa kuomba chai. Nikammiminia. Alikuwa na vumbi la mgodini kuanzia kofia mpaka buti.

"Kifusi kile kina urefu wa mita tisini, dada Ndeshi," alisema. "Nimeweka mashine mbili na watu arobaini. Tukienda vizuri tutafika keshokutwa."

"Na hewa yao?"

"Wewe ndiye unayesoma mbayuwayu. Niambie wewe."

Nikageukia ramani iliyoenea ukuta mzima. Mbayuwayu ni droni zetu za chini ya ardhi, ndogo za kukaa kiganjani, zinazoruka gizani kwa kupiga mlio na kusikiliza jinsi unavyorudi. Jana saa tisa alasiri dari la Shimo la Tumaini lilipoporomoka, tatu zilikuwa ndani pamoja na wachimbaji. Moja ilisagika. Mbili zilijibandika ukutani na tangu hapo zilikuwa zinatuma habari kwa kugonga mwamba, polepole, neno moja kwa saa mbili. Alfajiri zilikuwa zimenipa maneno saba: watu kumi na mmoja, wazima, hewa saba.

"Mpaka saa saba mchana," nilisema.

Mmoja wa wale kumi na mmoja ni Sifaeli, mdogo wangu wa kuzaliwa naye. Kamanda alilijua hilo. Ndiyo maana alikuja mwenyewe badala ya kupiga simu.

Akaweka kikombe chini. "Fungua kabati," alisema.

Mtu asiye wa Endorosi anaweza kudhani alikuwa anaomba faili. Kabati langu ni mashine yenye ukubwa wa friji, na ndani yake wilaya nzima imelala, juu ya ardhi na chini yake. Droni kubwa tunazoziita tai hupita angani mara mbili kwa siku. Kutokana nazo mkulima wa alizeti anajua ni mstari upi una kiu, mfuga nyuki anajua ni mgunga gani umechanua, watu wa umeme wanajua nguzo inayoinama, na watu wa barabara wanajua lami imebonyea wapi hata kama ni kwa unene wa ukucha. Wafugaji huhesabu mifugo yao kwa joto la miili. Wenye mashimo nao wana mbayuwayu. Ila kila kazi ina ramani yake, na kila shimo lake, ramani hiyo inaitwa tabaka, na kila tabaka limefungwa kwa kidole cha mwenyewe. Yapo thelathini na moja. Mimi nayatunza, na niliapa mbele ya watu kwamba sitaweka tabaka moja juu ya jingine bila ridhaa ya wenyewe. Ufunguo mkuu unaoweza kuyafungua yote ninao shingoni, kwa ajili ya moto na mafuriko ya ofisi, si kwa ajili ya kuchungulia.

Sheria hiyo haikutungwa na watu waliokosa kazi. Nilipokuwa na miaka tisa, kabla haijakuwapo, mtu mmoja alilaza ramani ya mashamba juu ya ramani ya miamba. Akaona maharage ya nani yamekauka, akaona na shamba la nani limekalia vito. Jioni ile ile alikuwa sebuleni kwetu na karatasi na maneno matamu. Baba akauza. Vijiji vitatu viliuza mwaka ule, kila mtu akidhani ni yeye peke yake. Baba yangu alikufa akiwa mlinzi wa geti la shamba lililokuwa lake.

"Kamanda," nilimwambia, "unajua kwa nini mwenye shimo anaruhusu mbayuwayu wapite kila kichochoro chake? Kwa sababu ana hakika hakuna atakayetazama. Hata wizi wake umo humo ndani, umefungwa. Nikifungua leo kwa nguvu, kesho watazipiga hizi droni kwa mawe. Shimo litakaloanguka mwezi ujao halitakuwa na ramani kabisa."

"Ni mdogo wako, Ndeshi."

"Najua ni mdogo wangu! Nimembeba mgongoni mimi." Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Nipe saa mbili. Nitawaomba wenyewe."

"Watu thelathini na mmoja?"

"Thelathini na mmoja."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, kisha akachukua kikombe chake akaenda kusimama dirishani.

*

Nikaanza kupiga simu. Sikuwa na hotuba. Nilikuwa nasema jina langu, nasema watu kumi na mmoja wako chini, nasema nataka kuweka tabaka lako juu ya matabaka ya wenzako na nitaona kila kitu kilichomo.

Mwenyekiti wa alizeti aliridhia kabla sijamaliza. Mwenye Shimo la Tumaini alibonyeza kidole kwenye simu yake papo hapo, na kwenye kabati taa ya kijani ikawaka. Mfuga nyuki mkubwa wa pale kwetu, mzee mmoja mkorofi, aliniuliza kama nitaiona mizinga yote.

"Nitaiona, baba."

"Hata ile iliyo... ndani ya hifadhi?"

"Hata hiyo."

Akakohoa. Kisha akasema, "Basi ione. Jumatatu nitaihamisha."

Mhandisi wa barabara alikuwa ameshaandika ripoti kwamba lami yake mpya haina tatizo lolote. Aliniambia, kwa sauti ya mtu anayevuliwa shati hadharani, kwamba ina tatizo, mahali pawili, na niendelee tu. Watu wa umeme wakatoa. Watu wa maji wakatoa. Wenye mashimo, ambao kwa kawaida hawakwambii hata jana walikula nini, walitoa mmoja baada ya mwingine, na kila taa ya kijani ilipowaka nilizidi kulia huku nabonyeza namba inayofuata. Sikuwahi kujua kwamba naipenda Endorosi kiasi kile. Mwaka mzima nilikuwa nalalamika juu ya vumbi lake.

Saa tatu na nusu nilikuwa na ishirini na tisa. Wa thelathini alikuja kwa miguu. Yeyo Naisula, mama mwenyekiti wa wafugaji, hazungumzi mambo makubwa na mtu asiyemwona uso.

"Takwenya, Yeyo," nilimwamkia kwa Kimaasai.

"Iko." Akaweka fimbo yake kwenye kona, akabonyeza kidole, akakifuta kwenye shuka lake la lubega. "Chukua. Ng'ombe, mbuzi, punda, wote. Bado nani?"

"Mama Apaikunda wa Shimo la Neema. Hapokei simu."

Yeyo Naisula aliguna. Shimo la Neema liko upande wa pili wa mlima, mbali na Tumaini, na mwenyewe ni mwanamke ambaye tangu nimjue hajawahi kukosa kupokea simu.

*

Nikalaza matabaka thelathini, moja juu ya jingine. Ukuta ulijaa rangi mpaka ukawa hausomeki. Nikaanza kuyapunguza. Alizeti halikuwa na la kusema, nikalitoa. Nyuki, hivyo hivyo. Nikaacha Tumaini peke yake: chumba walimonaswa kina njia nne, moja imezibwa na kifusi cha jana, tatu zinaishia kwenye mwamba. Juu yake nikaweka mifugo.

Nuru nyekundu ilitokea kwenye bega la mashariki la mlima. Mbuzi. Nilirudisha siku nyuma, moja moja. Kila asubuhi ya baridi, mbuzi zaidi ya sitini walikuwa wamebanana mahali pamoja pasipozidi upana wa sebule, na kilima chote kilichobaki kitupu.

"Yeyo, hawa wanafanya nini hapa?"

"Wanaota joto." Alishangaa kwamba siyajui hayo. "Pale chini panatoka joto. Ukiweka mkono kwenye ule ufa, ni kama umesimama mlango wa jikoni wakati wanapika. Mbuzi si wajinga."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka juzi. Zamani hapakuwa na kitu."

Nikarudisha ramani mpaka mwaka juzi, na kweli, kabla ya mvua zile mbuzi walikuwa wanalala popote. Kamanda alikuwa ameshasogea nyuma yangu. Joto linalotoka ardhini kila asubuhi ni pumzi ya mgodi: watu, taa na mashine. Lakini katika mashimo yote niliyokuwa nayo mbele yangu, hakuna hata moja lililofika chini ya mbuzi wale.

Nikaongeza tabaka la barabara. Barabara inauzunguka mlima, na mhandisi alisema kweli, ilikuwa imebonyea mahali pawili. Pa kwanza palikuwa na kalavati bovu. Pa pili palikuwa na mstari mwembamba, upana wa mlango, unaokatiza lami yote, kana kwamba chini yake pamechimbwa. Nikachora kutoka mstari ule kwenda kwa mbuzi. Nikauendeleza mbele, ukagota kwenye ukuta wa chumba cha akina Sifaeli. Nikauendeleza nyuma, ukaishia kwenye geti la Mama Apaikunda.

"Mtobozano," Kamanda alisema taratibu.

Hilo ndilo neno la wachimbaji kwa shimo linalotoboa na kutokea kwenye shimo la jirani. Mama Apaikunda alikuwa amekula kwa jirani, yaani amechimba vito visivyo vyake, akatobokea kwao, kisha akaziba. Na wachimbaji wa Endorosi wakiamua kuziba wanaziba kweli: viroba vya mawe vilivyoshindiliwa, juu yake tope lililochanganywa na unga wa mwamba, mpaka ukuta unaonekana umezaliwa pale. Mbayuwayu wangu waliupigia mlio, wakasikia mwamba. Nami niliandika "mwamba" na kuweka sahihi. Niliiona sahihi yangu pale ukutani, imekaa vizuri kabisa, na nikaona aibu.

"Sasa fungua la thelathini na moja," Kamanda alisema. "Shimo la Neema lina vichochoro mia mbili. Nikiingia bila ramani tutazunguka humo mpaka kesho. Ufunguo unao shingoni."

Ilikuwa saa nne na nusu.

"Niendeshe mpaka kwake," nilisema.

"Ndeshi!"

"Dakika kumi na tano kwenda. Akikataa, gari lako lina kabati dogo lililounganishwa na hili, nitafungulia pale pale. Twende."

Watu huniuliza kama ningefungua kweli. Ningefungua. Kisha ningekwenda mwenyewe kituoni kujishtaki, na baba angenigeuzia mgongo kaburini, na Sifaeli angekuwa hai. Nilikuwa nimeshayapanga yote hayo kichwani wakati gari linaruka mashimo ya ile barabara isiyo na tatizo lolote. Nilichokuwa naomba ni nisifikishwe huko.

*

Shimo la Neema lilikuwa halifanyi kazi. Wachimbaji kama arobaini walikuwa wamekaa chini uwanjani, juani, hakuna anayeongea wala anayecheza bao. Nilipowaona tu nikajua wanajua.

Mama Apaikunda alikuwa amekaa barazani, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, khanga moja kiunoni na nyingine begani. Ni mwanamke wa miaka sitini na ushee aliyeanza kwa kuchekecha vumbi la mashimo ya wengine. Alikuwa amezeeka tangu wiki iliyopita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na polisi?"

"Nimekuja na Kamanda wa uokoaji. Polisi sijawaita."

"Umeshafungua tabaka langu."

"Hapana."

"Usinidanganye, binti. Umejuaje basi?"

Nikavua ufunguo mkuu shingoni, nikauweka juu ya meza yake. Ufunguo ule una jicho dogo la bluu linalogeuka jeusi ukitumika hata mara moja, na halirudi. Alivaa miwani akalitazama muda mrefu. Lilikuwa bluu.

"Ni mbuzi wa Yeyo Naisula," nilimwambia. "Wanalala juu ya tundu lako la hewa."

Mdomo wake ulicheza, nikadhani atacheka. "Mbuzi," alisema. "Nimefukia mpaka nyaya. Nimebeba kifusi kwa magunia ya mkaa miaka miwili. Halafu mbuzi."

"Mama, hewa inaisha saa saba."

"Saa naijua! Unafikiri nimelala mimi?" Alipiga meza, ufunguo ukaruka. "Nilisema Chilongani atawafikia. Kila saa nilisema, atawafikia, ngoja kidogo. Nikifungua mdomo, shimo linafungwa na mimi nafungwa. Hawa arobaini waende wapi? Wewe utawapeleka wapi?"

Nilivuta kigoda nikakaa, kwa sababu kumsimamia mtu mzima kichwani si adabu hata kama muda unakimbia.

"Mama, wewe umenitangulia kwenye mambo ya mashimo. Kwenye mtobozano, anayegonga kwanza anahesabiwaje?"

Wale arobaini uwanjani waliinua vichwa. Kila anayezama shimoni Endorosi anafundishwa hilo siku ya kwanza: ukitobokea kwa mwenzio, kabla hajakuona, gonga mara tatu na ulitaje shimo lako kwa sauti. Inaitwa kujitaja. Aliyejitaja haitwi mwizi. Watakaa, watapimana, watasameheana au watagombana, lakini mahakamani hapelekwi na mwenziwe. Ni sheria ya chini, ya zamani kuliko droni zote.

"Muda wake ulipita," Mama Apaikunda alisema. "Ni mwaka juzi ule. Wakati vumbi linatua nilisimama mbele ya lile tundu na nyundo mkononi, na sikugonga."

"Sheria inasema kabla hajakuona."

"Ndiyo."

"Ukuta bado umesimama, mama. Akina Sifaeli hawajakuona mpaka sasa hivi."

Alinitazama. Uwanjani msimamizi wake, jitu la miraba minne, alikuwa ameshasimama na nyundo begani. Mama Apaikunda akamwona. Akavua khanga ya begani, akaifunga kichwani kwa nguvu.

"Ilete hapa," alisema. "Shimo ni langu." Kisha akabonyeza kidole chake kwenye kabati ndani ya gari la Kamanda, na taa ya thelathini na moja ikawaka kijani.

*

Njia yote ilitokea, kuanzia getini mpaka ukutani, mita elfu moja na mia mbili, na kila kona yake. Mbayuwayu kumi wa Neema walitangulia na taa. Mama Apaikunda alishuka ngazi za kamba mbele yangu, kiatu kimoja kimekatika ukanda, akikataa kushikwa mkono. Tulipita chini ya barabara. Tulipita chini ya mbuzi, na hapo nilihisi hewa ikivutwa juu kupitia ufa. Nyuma yetu wale arobaini walikuwa wanakuja na machela na mitungi, na sikumwona hata mmoja aliyebaki juu.

Saa sita na dakika ishirini tulifika. Hata kwa karibu nisingejua kama ni ukuta wa viroba. Mama Apaikunda alilijua jiwe lake. Akasimama, akainua nyundo kwa mikono miwili, akagonga. Mara tatu.

"Neema!" alipaza sauti, ikapasuka katikati. "Hapa ni Neema! Mimi ni Apaikunda Mrutu! Nilikula kwenu!"

Hakuna kilichorudi. Nilisikia pumzi za watu arobaini. Kamanda aliweka sikio ukutani, nami nikamwona akifumba macho.

Ndipo ikaja. Ko. Ko. Ko. Hafifu, jiwe kwa jiwe. Na sauti moja mbaya, sauti iliyofukuzwa kwaya mbili za kanisa kwa kutoshika noti, sauti ambayo ningeijua popote.

"Tumaini! Hapa ni Tumaini! Bomoa basi, unangoja chai?"

Nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. Watu waliurukia ukuta kwa mikono. Viroba vilipita kutoka mkono hadi mkono, tope likaanguka mabonge, na tundu la kwanza lilipotokea mkono ulitoka, mweupe kwa vumbi, nikaushika na sikuuachia mpaka mwenyewe akapita. Walitoka wanne kwa machela na saba kwa miguu yao. Getini mji mzima ulikuwa umekusanyika na waliwahesabu kwa sauti, wote pamoja, na walipofika kumi na mmoja vilipigwa vigelegele ambavyo Yeyo Naisula anasema viliwatawanya mbuzi wake mpaka jioni.

Mwenye Shimo la Tumaini alikuwa amesimama pale pale. Kamanda alikuwa ametoa daftari lake. Mama Apaikunda alikwenda moja kwa moja mbele yao, vumbi tupu, nyundo bado mkononi.

"Amejitaja?" mwenye Tumaini aliuliza.

"Amejitaja," wakajibu wachimbaji wake mwenyewe, waliokuwa wamelala kwenye machela.

Mwenye Tumaini akampa mkono. Kamanda akalifunga daftari, akaniomba chai.

Wiki ile niliwangoja watu waje kuondoa matabaka yao. Hakuna aliyekuja. Alikuja Yeyo Naisula tu, kudai kwamba lile tundu la hewa lisizibwe kwa sababu mbuzi wamelizoea, na Mama Apaikunda amekubali kulitunza. Sifaeli naye alikuja, mkono umefungwa kitambaa. Kwa desturi ya chini, mahali pa mtobozano hupewa jina na yule aliyegongewa, na ramani ilikuwa inangoja. Nilifuta neno "mwamba" na sahihi yangu iliyokuwa chini yake, nikampisha kwenye kiti. Akafikiri kidogo, akaandika kwa kidole kimoja: Hodi.